Mpira wa vidole, mpira wa kichwa na shamba la babu: gemu ipi inamfaa aliyevuka thelathini na tano?

Pesa ya kununua PlayStation huja miaka kumi na tano baada ya muda wa kuicheza kwisha. Watu wa rika langu, tuliotoka shule mchana na kuhamia kibanda cha gemu jioni, sasa wana mishahara na watoto, na wana swali moja ambalo naulizwa kila mara: nikinunua, nicheze nini? Wengi hata hawasubiri jibu. Wanakwenda na kumbukumbu. Wanachukua gemu ya mpira, wanaingia mtandaoni, wanapigwa sita na mtoto wa kidato cha pili, na baada ya muda mfupi mashine inageuka kuwa ya kuangalizia YouTube. Kisha hukumu inatoka: "Nimekua, gemu zimenitoka."

Hukumu hiyo siikubali. Aliyependa mpira akiwa na miaka 15 bado anaupenda akiwa na 40. Kilichopungua ni wepesi wa vidole, muda ambao hakuna mtu wa kukuita, na marafiki wa kubanana nao kwenye benchi moja, na gemu tulizozipenda zilikula vyote vitatu kwa wingi. Kwa hiyo nalinganisha hapa aina tatu ambazo mtu wa umri wetu huzipima kabla ya kutoa hela: mpira wa kushika pedi (eFootball na EA Sports FC), Football Manager (ya ukocha), na Stardew Valley (ya kilimo). Nyingine nitazigusa tu. Upendeleo ninao, utauona mwenyewe.

Kibandani tulikuwa tunapenda nini hasa?

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na dunia nzima ikanunua zaidi ya milioni 155. Huku kwetu nyingi zilikuja zikiwa zimeshatumika, zikawekwa kwenye vibanda vyenye televisheni za chogo na diski za kunakili, sheria ikiwa moja: aliyefungwa anapisha. Ukiwa na hela ya mechi moja tu mfukoni, mechi hiyo ni fainali. Nyuma yako wamesimama watu sita wanakufundisha kwa kelele, na yule anayefuata kwenye foleni anakuombea ufungwe. PES, gemu ya mpira ya enzi zile, ilikuwa ya watu wanane, ingawa pedi zilikuwa mbili.

Au chukua GTA San Andreas ya mwaka 2004. Nyuma ya daftari la hisabati kulikuwa na kodi (cheat, mfuatano wa vitufe wa kuidanganya gemu), na mpaka leo vidole vinaikumbuka: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Afya inajaa, fulana ya kuzuia risasi inavaliwa, dola 250,000 zinaingia. Misheni hatukuwa na habari nazo. Tuliiba gari, tukafukuzwa na polisi mpaka nyota zikajaa, muda wa kulipia ukaisha, tukapisha. Mwache mtu yuleyule airudie akiwa na miaka 38: safari hii anaangalia hadithi, ya kijana anayerudi nyumbani kwa sababu mama yake ameuawa, akakuta mtaa umesambaratika na rafiki wa utotoni amegeuka msaliti. Diski ni ileile. Ya kwanza aliicheza kwa macho, ya pili anaicheza kwa yaliyompata tangu hapo.

Kuna waliolipima jambo hili. Kampuni ya utafiti ya Quantic Foundry ya Marekani ilikusanya majibu ya wachezaji zaidi ya laki moja kuhusu kinachowavuta kwenye gemu, na kitu kilichoonekana kushuka sana kadiri umri unavyopanda ni hamu ya kushindana. Upande wa vidole, mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichambua wachezaji 3,305 wa StarCraft II, gemu ya vita ya kupanga mbinu kwa kasi, wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Wakaona kwamba ule muda kati ya kuona jambo na kulitendea kazi huanza kurefuka tangu miaka 24. Ndiyo, 24. Lakini waliona pia kwamba wakubwa hufidia: hutumia njia za mkato zaidi na hupanga mambo yao kwa urahisi zaidi, hivyo hawaachwi mbali kama unavyodhani.

Anayedhani ukubwa ni polepole basi hajasimama kwenye baraza la bao. Mashimo 32, kete 64, na mzee wa miaka 70 anagawa kete kwa kasi ambayo huwezi hata kuzihesabu. Anajua pa kutazama, basi. Weka hilo akilini tukifika kwenye Football Manager.

Mpira wa pedi: eFootball na EA Sports FC

Tuanze na ile ambayo wengi wanaitaka. Majina yamebadilika tangu tuliyoyajua: PES ya Konami imekuwa eFootball tangu 2021, na ni ya bure, FIFA ya EA imekuwa EA Sports FC tangu 2023, baada ya EA kuachana na shirikisho lenyewe. Za bure na za kulipia, mchezo ni uleule. Mechi haizidi sana dakika kumi, kila mtu anaelewa kinachoendelea kwenye kioo, na mgeni akija nyumbani Jumapili hakuna gemu nyingine itakayomtoa kwenye simu yake haraka hivyo. Kwa kukaa watu wawili kwenye kochi moja, bado mpira wa pedi ndio mfalme.

Shida inaanza ukiwa peke yako.

Ukiwa peke yako unaingia mtandaoni, na huko kuna watu ambao kazi yao ni hiyo. Mpinzani hana uso. Hakuna wa kumcheka wala wa kukucheka, na ukishinda unapewa pointi tu. Tena mechi ya mtandaoni haikungoji. Dakika ya 80, unaongoza mbili kwa moja, mwenzako anapiga kona, halafu mlango unafunguliwa: "Baba, mama anasema mtungi wa gesi umeisha." Ukiiweka pedi chini umeshafungwa. Ukijibu "nakuja mwanangu" bila kuinua macho, umeshafungwa upande mwingine. Ongeza na intaneti: bando likiwa zito picha inaganda, mpira unaruka kutoka katikati ya uwanja hadi wavuni, nawe hujui kilichotokea. Umeme ukikatika, mechi umepoteza.

La pili ni pesa. eFootball ni ya bure mlangoni. Ndani inauza sarafu za kupatia wachezaji. EA FC inauzwa kila mwaka, na ule mtindo wake wa Ultimate Team (wa kukusanya wachezaji na kujenga timu yako), uliokuwepo tangu 2009, unakutaka uanze timu upya kila toleo jipya likitoka. Pakiti za wachezaji hununuliwa bila kujua ndani kuna nani. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji iliziona pakiti za namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za kuzinunulia nchini humo. Kijana wa miaka 19 asiye na hela hulipa kwa saa zake, anacheza mpaka timu inajengeka. Wewe huna saa, una kadi ya benki. Gemu inalijua hilo vizuri.

Kwa hiyo chukua mpira wa pedi kama una mtu wa kukaa naye: mdogo wako, jirani, mtoto aliyefika darasa la nne. Cheza bila mtandao, weka mechi iwe fupi, na usiiguse Ultimate Team. Kama PlayStation haijanunuliwa bado, jaribu kwanza kwenye simu. Programu ya PPSSPP inaendesha gemu za PSP (ile mashine ndogo ya Sony ya kushika mkononi) kwenye simu ya kawaida, na mashabiki wameshazipaka upya zile PES za zamani kwa jezi za Simba na Yanga. Michoro ni ya kizamani, lakini ukimfunga shemeji yako mtani, hatauliza habari ya michoro.

Football Manager: mpira bila kugusa mpira

Hapa ndipo upendeleo wangu ulipo, basi nijieleze taratibu.

Gemu hii ilianzishwa na ndugu wawili wa Uingereza, Paul na Oliver Collyer. Toleo la kwanza lilitoka 1992 likiitwa Championship Manager, na tangu 2004 linaitwa Football Manager. Wewe ni kocha. Unapanga kikosi, unasajili, unajibu waandishi wa habari, unambembeleza straika aliyekasirika kwa sababu umemweka benchi, kisha mechi inachezwa mbele yako nawe huna pedi ya kuigusia. Mtoto wa miaka 13 akikuona anauliza: "Sasa hapo unacheza au unasoma?" Ana haki ya kuuliza. Kioo kimejaa namba na barua pepe.

Lakini angalia inavyokaa kwenye maisha ya mtu mzima. Kila kitu kinasimama mpaka ubonyeze kitufe cha kuendelea. Mtungi ukiisha unainuka, unakwenda kununua gesi, unapiga soga dukani, unarudi, na straika wako bado amekasirika palepale. Huhitaji intaneti ukishaiweka kwenye kompyuta. Huhitaji vidole kabisa. Unachotumia ni kile ambacho miaka imekuongezea: kusoma watu, kubana bajeti, kujua lini uvumilie na lini uuze. Mchezaji wa StarCraft anayefidia polepole ya mikono yake kwa mpango rahisi, na mzee wa bao anayejua pa kutazama, wote wangejisikia nyumbani hapa.

Mfano mmoja, kwa wasioijua. Umechukua timu ya daraja la pili, haina hela. Kwenye akademi yupo kijana wa miaka 17, beki wa kushoto, namba zake za kawaida tu ila ya bidii iko juu. Unampa dakika ishirini kwenye mechi ambayo imeshakwisha kwa matokeo. Baadaye unampa kipindi kizima. Msimu wa pili ndiye chaguo la kwanza, na wa tatu timu kubwa inaleta ofa ambayo bodi yako inataka uikubali leo. Kijana mwenyewe anakuja ofisini kwako kusema anataka kuondoka. Hakuna filamu, hakuna muziki, ni sanduku la maandishi na majibu manne ya kuchagua, na utakaa nalo dakika tano. Nikiwa na miaka 16 ningemuuza kabla hata ya kusoma jina lake.

Ubaya wake sitauficha. Kwanza, Kiswahili hakimo, na Kiingereza chake ni kingi, kwa hiyo asiyependa kusoma itamchosha siku ya kwanza. Pili, haina mwisho wa kawaida. Mpira wa pedi ukiisha umeisha. Hapa kila mechi inafuatiwa na nyingine baada ya siku nne za kalenda, na ile "moja tu halafu nalala" imewafikisha watu wengi saa nane usiku huku kesho kuna kazi. Kwa mtu asiyejua kujizuia hii ni hatari kuliko eFootball, sitanii. Tatu, toleo la 2025 lilifutwa kabla ya kutoka, na la 2026, lililotoka Novemba 2025, limeleta soka la wanawake kwa mara ya kwanza lakini lilipokewa na manung'uniko mengi kuhusu mpangilio wake mpya wa kioo. Mwenye kompyuta ya zamani anayeona lile la 2024 bado linamtosha, hajakosa kitu kikubwa. Kwenye simu, toleo jepesi linapatikana kwa waliojiunga na Netflix, tangu lile la 2024.

Ukiziweka mbili hizi pamoja, tofauti ninayoiona mimi iko kwenye saa moja. Saa moja ya mpira wa pedi inakupa mechi nne au tano ambazo kesho hutazikumbuka, na kicheko kama kuna mtu pembeni. Saa moja ya Football Manager inakupa wiki chache za ligi, na kesho ukiwa kwenye daladala utakuwa bado unawaza beki wa kushoto.

Stardew Valley: ya kupumzikia

Eric Barone, Mmarekani, aliitengeneza peke yake, michoro, muziki na maandishi, kwa miaka zaidi ya minne, akaitoa Februari 2016. Umechoshwa na kazi ya ofisini, babu yako amekuachia shamba, unakwenda kulima. Mwaka una misimu minne ya siku 28, na siku moja ya shambani inachukua kama dakika 14 za saa yako ya ukutani. Unamwagilia, unavuna, unavua samaki, unazoeana na majirani, unalala.

Wanaume wenzangu huicheka wakisikia. Kulima? Si tumekimbia kulima? Halafu unamkuta mtu huyohuyo saa nne usiku anapanga mistari ya maboga, kichwa kimetulia, hajamfunga mtu wala kufungwa. Siku ya dakika 14 ni kipimo kizuri kwa mwenye mtoto mchanga: unacheza siku moja, unalala kwenye gemu, kazi inahifadhiwa, unazima. Toleo la simu hujihifadhi hata ukitoka katikati. Unalipa mara moja, hakuna matangazo, hakuna sarafu za kununua ndani, na uzito wake ni mdogo hata kwa bando la wiki.

Ikilinganishwa na Football Manager, hii inasamehe. Ukisahau kumwagilia, mmea unachelewa siku moja tu. Hakuna bodi ya kukufukuza. Ndiyo maana pia mtu mwenye damu ya ushindani huiacha haraka, na simlaumu. Kinachoudhi ni uvuvi wake: ile mistari ya kumfuata samaki inadai vidole vya ujana, na wengi tunaukimbia mpaka tupate fimbo nzuri. Kiswahili hakimo humo pia.

Jambo ambalo halisemwi sana: ndiyo rahisi kuliko zote tatu kumwingiza mwenza wako, hata kama hajawahi kushika gemu. Kwenye kompyuta, tangu 2018 inaruhusu kulima pamoja kwenye shamba moja. Mmoja analisha kuku, mwingine anashuka mgodini.

Nyingine, kwa haraka

Gemu kubwa za hadithi zinamfaa mtu mzima kuliko zinavyosifiwa, mradi uchague yenye mwisho wa karibu. God of War ya 2018 inamalizika kwa saa ishirini hivi ukifuata njia kuu, na ina kiwango chepesi kwa asiyetaka kuhangaika. Shujaa wake Kratos, yule wa 2005 aliyekuwa anapiga kelele na kuchinja kila kinachopumua, humu ni baba anayeshindwa kuzungumza na mwanawe. Aliyeicheza ya kwanza akiwa kijana na hii akiwa na mtoto hahitaji maelezo yangu. Elden Ring, kinyume chake, ni kazi bora ambayo haina kitufe cha kusimamisha mchezo. Nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na Elden Ring ni vitu viwili visivyopatana.

Free Fire na PUBG Mobile waachie wadogo. Si kwa dharau. Ndizo kibanda chao cha PS2, wanaingia wanne wanne wakipigiana kelele masikioni, na utamu wake uko kwenye hao wanne. Mtu wa miaka 41 akiingia peke yake saa tano usiku atapigwa risasi na mtu asiyemwona.

Kwa mtoto wako, usitumie kumbukumbu zako kama kipimo. Sisi tulicheza San Andreas tukiwa bado watoto wa shule kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeangalia kioo. Tazama ile namba ya umri kwenye kasha, PEGI 3, 7, 12, 16 au 18, na uichukulie hivyo ilivyo.

Kwa hiyo?

Ukiwa na mtu wa kukaa naye angalau mara moja kwa wiki: mpira wa pedi, bila mtandao. Ukiwa peke yako, una kompyuta ya kawaida, unasoma Kiingereza bila tabu na ulikuwa yule wa kibandani aliyekuwa anapanga fomesheni wakati wengine wanabonyeza tu: Football Manager, na weka kengele ya kulala. Ukiwa unarudi kazini umechoka kiasi kwamba hata kupoteza mechi kunakuongezea uchovu: Stardew Valley, kwenye simu, leo hii. Mimi ningeanza na ya simu kwa kila mtu, kwa sababu ni nafuu zaidi kukosea nayo kuliko kukosea na PlayStation 5.

Na kabla ya kulipa, kumbuka kwamba Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 za kununua, mradi hujaicheza zaidi ya saa 2. Kwa Stardew muda huo unatosha kabisa kujua kama ni yako. Kwa Football Manager ni mtego: saa mbili za kwanza huishia kwenye kusoma barua za bodi na kuajiri kocha wa makipa, na mechi yenyewe bado haijachezwa.